Kubadili Studi za Gurudumu katika Gari Kuukuu



Kila mtu aliyepata kushika jembe ajua ya kuwa jembe halichomoki siku moja. Kwanza mpini hulegea kidogo katika tundu lake, na mwenye jembe huligonga jiweni akaendelea kulima. Kesho yake hulegea tena, naye huligonga tena. Siku ya nne tundu limekwisha kupanuka na mpini umeliwa, ndipo chuma huchomoka kikampata mtu mguuni. Asemaye ya kuwa jembe lilichomoka ghafula hasemi kweli, maana lilimwonya siku tatu. Gurudumu la motokaa ni vivyo hivyo.

Siku hizi wakulima wengi wa milimani huchanga fedha, watatu au wanne, wakanunua gari kuukuu la kupelekea mboga sokoni. Katika magari hayo yamo yale yaliyotengenezwa kwa wasafiri wapendao kulala njiani, yenye kitanda cha mbao, kabati na jiko dogo ndani yake. Msafiri akimaliza safari huliuza, na mnunuzi hung'oa kitanda akapata nafasi ya matenga ya kabichi. Ni gari la kufaa. Walakini limekwenda mbali kabla ya kutufikia, na magurudumu yake yamefunguliwa na kufungwa na mikono mingi, mingine ya mafundi, mingine ya watu wenye haraka. Karatasi hii yaeleza habari ya vyuma vidogo vinavyoshika gurudumu, viitwavyo studi, na namna ya kuvibadili vikichakaa au kukatika.

1. KISA CHA KWETU

Mimi niandikaye maneno haya ni mwalimu wa kilimo, na kazi yangu ni kuwafundisha watu kutunza vyombo vyao. Walakini katika jambo hili nilikosa mimi mwenyewe, wala sioni haya kulisema, kwa kuwa kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Tulikuwa wanne wenye mashamba ya mboga karibu na Lushoto, tukanunua kwa shirika gari moja la namna hiyo. Gurudumu lake la nyuma la kushoto lilikuwa na nafasi za studi tano, na studi moja ilikuwa imekatika tangu siku tuliponunua. Nilipouliza, niliambiwa, "Nne zatosha, Mwalimu." Nami niliona ni kweli, nne katika tano si haba. Tulikwenda hivyo miezi mitatu.

Siku moja ya soko tuliteremka kwenda Mombo na matenga ya kabichi na karoti, na nyuma waliketi akina mama wawili na kijana mmoja. Katika kona za juu nilisikia mlio, tak, tak, tak, ukifuata mwendo wa gari. Dereva naye aliusikia, akapunguza mwendo, akanitazama. Nikamwambia, "Twende kwanza, jua limepanda. Tutatazama huko sokoni."

Hatukufika sokoni. Katika kona ya pili gari liliinama upande wa kushoto, na gurudumu letu likatutangulia likirukaruka, likavuka njia, likatumbukia bondeni. Kwa rehema ya Mungu upande wetu ulikuwa upande wa mlima, gari likajikwaruza katika ukingo likasimama. Mama mmoja alivunjika mkono. Mkono umepona, lakini haunyoki tena kama kwanza, na kila nimwonapo akimenya viazi nayakumbuka maneno yangu.

Tulipochunguza, tuliona ya kuwa studi zote nne zilizosalia zimekatika. Mbili kati yake zilikuwa na kutu ndani ya mkato wenyewe. Maana yake zilikuwa zimekatika nusu tangu siku nyingi, nasi tulikuwa tukipakia watu juu yake.

2. STUDI NI NINI, NA KAZI YAKE NI NINI

Studi ni kijiti cha chuma kigumu. Upande mmoja kina kichwa kipana. Upande wa pili kina hesi, yaani mifereji izungukayo ambayo nati hupandia. Chini ya kichwa pana meno madogo. Studi hupenyezwa kwa nguvu kutoka nyuma ya kitovu cha gurudumu, meno yakauma chuma ili studi isizunguke, kisha rimu huvikwa mbele na nati hukazwa.

Watu wengi hudhani ya kuwa studi hulibeba gari kama mambo za ukutani zinavyobeba nguo. Sivyo. Nati ikikazwa sawasawa, studi huvutika kidogo sana, kwa kadiri isiyoonekana kwa macho, nayo hutaka kurudi katika urefu wake. Katika kutaka kurudi huibana rimu juu ya uso wa kitovu kwa nguvu nyingi, na mbano huo ndio unaoshika gurudumu. Mfano wake ni mzigo wa kuni. Kamba ikikazwa sana, kuni hazichezi hata mchukuzi akiruka mtaro. Kamba ikilegea kidogo, kuni huanza kuteleza moja moja, na kamba yenyewe husagika mpaka ikakatika.

Basi nati ikilegea, rimu hucheza, na studi hupindwa huku na huku kila gurudumu lizungukapo. Gurudumu la gari la namna hii huzunguka karibu mara 500 katika kilometa moja. Chukua kipande cha waya, ukipinde huku na huku kwa vidole. Utaona hakikatiki mara ya kwanza wala ya tano, lakini mwisho hukatika bila ya kuvutwa. Ndivyo studi zinavyokufa. Na moja ikiisha kukatika, mbano hupungua, na kazi yake huangukia jirani zake. Kwa hiyo studi moja iliyokatika si hasara ya moja katika tano tu. Ni onyo ya kuwa zile nne zimekwisha kuonja mapindo yale yale.

3. DALILI ZA HATARI

Tazama magurudumu kabla ya kupakia mzigo, si baada yake. Dalili ni hizi:

(a) Michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati kama machozi. Ni alama ya kuwa rimu inacheza.

(b) Matundu ya rimu yamekuwa marefu kama yai badala ya kuwa mviringo.

(c) Nati inazunguka pamoja na studi wala haikazi. Meno ya studi yamekwisha kuliwa.

(d) Nati ikikazwa inazidi kuwa laini badala ya kuwa ngumu. Hesi imeharibika, au studi imevutika kupita kiasi.

(e) Mlio wa tak, tak wakati wa mwendo wa polepole, au usukani na kiti kutetemeka.

Ukiona hata moja katika hizo, gari lisiondoke.

4. ZIBADILIWE NGAPI, NA ZINUNULIWE ZIPI

Studi moja ikikatika, badili hiyo pamoja na mbili zilizo jirani yake, kila upande moja. Zikikatika mbili au zaidi, badili zote za gurudumu hilo, pamoja na nati zake. Na rimu ambayo matundu yake yamerefuka isifungwe tena. Itaziua studi mpya kama ilivyoziua za zamani.

Nenda dukani na studi ya zamani mkononi. Mambo manne yapasa kulingana: unene wa hesi, nafasi kati ya mfereji na mfereji, unene wa sehemu yenye meno, na urefu. Magari mengi ya Toyota, kama HiAce za zamani, hutumia hesi ya unene wa milimita 12 na nafasi ya milimita 1.5. Usikubali bolti ya kawaida iliyokatwa kichwa. Nguvu ya chuma mara nyingi huandikwa kichwani kwa tarakimu: chuma cha 10.9 ni imara kuliko cha 8.8, na chuma kisicho na alama yoyote hakifai kupewa roho za watu.

Tazama pia sura ya nati. Nyingine zimechongoka mbele kama pia, nyingine zina mviringo kama mpira, kama zile za magari ya Volkswagen, na nyingine ni bapa zenye pete yake. Nati na tundu la rimu lazima zioane. Nati ya pia katika tundu la mviringo hugusa ukingo mdogo tu, na haikawii kulegea.

Jambo la mwisho: katika baadhi ya magari na malori ya zamani, hesi za upande wa kushoto huzunguka kinyume, nazo mara nyingi huwa na alama ya L. Mtu asiyejua hudhani anafungua, kumbe anakaza mpaka studi inakatika.

5. KAZI YENYEWE

Maneno yafuatayo yahusu gurudumu la nyuma lenye dramu ya breki, ambalo ndilo rahisi. Gurudumu la mbele mara nyingi hutaka kitovu chote kitolewe pamoja na beringi zake. Hilo mpelekee fundi.

(1) Simamisha gari mahali pagumu na sawa. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, mbele na nyuma ya kila moja, kwa kuwa baadaye utaifungua breki ya mkono, na hapo hapana kingine kitakachozuia gari.

(2) Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Nati ikigoma, tia mafuta ya kulegeza kutu, ungoje.

(3) Weka ubao mnene chini ya jeki, uinue gari, kisha uweke stendi ya chuma chini ya ekseli. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, wala usitumie matofali, maana hupasuka bila ya kuonya.

(4) Ondoa gurudumu. Fungua breki ya mkono, weka gia katikati, uvute dramu. Ikiwa imeshika, tazama kama ina matundu mawili madogo yenye hesi. Penyeza humo bolti mbili, uzikaze kwa zamu, kidogo huku na kidogo huku, nazo zitaisukuma nje.

(5) Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Viatu vya breki vya magari ya zamani huenda vina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukifukie kitambaa hicho.

(6) Zungusha kitovu mpaka studi mbovu ifike mahali penye nafasi nyuma yake. Isukume itoke nyuma kwa chombo cha kubana. Ndiyo njia bora. Ukikosa, tumia nyundo ya shaba, upige mapigo machache yaliyonyooka. Mapigo mengi huumiza beringi.

(7) Safisha tundu. Chukua studi mpya, uiingize kwa mkono kutoka nyuma, na meno yake yafuate alama za meno ya zamani. Ikiingia yote kwa mkono bila ya kubana, tundu limekwisha haribika, nawe huna budi kubadili kitovu.

(8) Vika mbele ya studi pete nne au tano nene za chuma, ziitwazo washa, umepaka mafuta kidogo baina yake. Kisha weka nati ya zamani iliyo nzima, uso wake bapa ukielekea kwenye washa. Kaza polepole, studi itavutwa mpaka kichwa kikalie chuma. Pitisha kidole nyuma, na utazame kwa taa, ya kuwa kichwa kimekaa sawa pande zote bila ya ufa. Nati hiyo ya kuvutia isitumike tena kufungia gurudumu. Ukiweza kupata fundi mwenye mashine ya kukandamiza, kazi hii mwachie yeye.

(9) Sugua kwa burashi ya waya uso wa dramu na uso wa rimu mahali zinapogusana, mpaka chuma kionekane. Rangi nene, matope na kutu vikibaki kati yake vitasagika njiani, na mbano utapungua ingawa ulikaza vizuri.

6. KUKAZA NATI

Rudisha dramu na gurudumu, uzungushe nati zote kwa vidole kwanza. Hesabu mizunguko tangu nati ishike hesi mpaka ikaze. Kwa studi ya milimita 12 tuliyoitaja, ipate mizunguko 8 au zaidi. Ikiwa ni michache, studi ni fupi au rimu ni nene mno.

Usizikaze kwa kufuata mviringo. Nati zikiwa tano, kaza ya kwanza, kisha ya tatu, ya tano, ya pili, na ya nne, kama mtu achoraye nyota. Zikiwa sita, kaza moja kisha ile inayoielekea. Shusha gari, urudie mara mbili au tatu, kila mara ukizidisha nguvu kidogo.

Nguvu ya kukaza huandikwa katika kitabu cha gari, na chombo chake ni spana yenye kipimo. Kwa studi za milimita 12 kipimo huwa mara nyingi karibu nyutoni-mita 100. Asiye na spana hiyo atumie ndoo, na hii si dhihaka. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Weka mpini wa spana ulale sawa na ardhi, uangike ndoo polepole mahali palipo nusu mita kutoka katikati ya nati. Uzito huo hukaza kwa karibu nyutoni-mita 100. Mpini ukishuka, ondoa ndoo, urudishe spana juu, uangike tena, mpaka mpini usishuke. Ndoo haina hasira wala uchovu. Mkono wa mtu unavyo vyote viwili. Yule arukaye juu ya spana kwa miguu huivuta studi kupita kiasi, na amekwisha kuiua kabla ya safari.

Usipake grisi katika hesi isipokuwa kitabu cha gari kimeagiza. Hesi yenye grisi huteleza, na kwa nguvu ile ile ya mkono studi huvutika zaidi kuliko ipasavyo.

Kisha gari likienda kilometa 50, simama ukaze tena kwa kipimo kile kile, na tena lifikapo 100. Hili si jambo la hiari. Chuma kipya hujikalia mahali pake katika safari za kwanza, na nati huweza kulegea bila ya kosa la mfungaji. Baada ya hapo, piga mstari wa rangi toka nati mpaka rimu. Asubuhi ya siku ya soko tazama mistari: ule uliovunjika ndio utakaokuonyesha nati iliyogeuka.

7. MAMBO YASIYOFAA KABISA

Usichomelee studi katika kitovu. Moto huondoa ugumu wa chuma, na itakatika pale pale palipopata moto. Usifunge gurudumu kwa nati pungufu "mpaka tufike." Usiazime studi ya gurudumu moja kuziba pengo la jingine, maana hapo umepata magurudumu mawili mabovu badala ya moja. Wala usipakie watu juu ya matenga katika gari ambalo hukutazama magurudumu yake asubuhi ile.

8. MWISHO

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya studi tatu haizidi sana bei ya kabichi chache, na kazi yake ni ya asubuhi moja. Sisi tulikosa siku ya soko, tukalaza gari wiki nyingi, tukalipa fedha ya hospitali. Na hayo yote yalilipika. Mkono wa yule mama haukulipika.

Siku hizi dereva wetu hubeba ndoo ndani ya gari, nami sipandi kabla sijazunguka magurudumu yote manne kwa mguu. Akisikia mlio njiani, husimama bila ya kuniuliza.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiifungie tumbaku. Msomee dereva wako, kisha mpe jirani mwenye gari.